Tapas za mtaani Mbeya: jinsi ya kula Kihispania kwa bei ya kwetu

Usipoteze nauli ya bajaji kutafuta mgahawa wenye bendera ya Hispania mlangoni. Tapas ni mtindo wa kula: visahani vidogo vidogo vinakuja mezani kimoja baada ya kingine, vinawekwa katikati, kila mtu anadokoa, glasi iko mkononi na maongezi hayakatiki. Ukitazama kinachoingia kwenye visahani hivyo kule Madrid au Sevilla utakuta viazi, mayai, vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, nyama ya nguruwe, dagaa wabichi na mkate. Karibu vyote hivyo vinapatikana sokoni Mwanjelwa tangu alfajiri. Viazi na nyanya zenyewe Wahispania walizitoa Amerika, baada ya safari za karne ya 15 na 16, kwa hiyo hakuna wa kutuambia ni vyakula vya wenyewe.

Kinachofanya watu waone tapas ni ghali ni kuzila kama tunavyokula chakula cha mchana, kila mtu na sahani yake iliyojaa. Sahani sita zilizojaa ni bili nzito. Visahani vitano au sita vya kuchangia, kwa watu hao hao sita, ni jambo la kawaida kabisa, ilimradi umepatana na mpishi mapema.

Hatua ya kwanza: chagua mahali

Tafuta mgahawa wa mtaani ambao jiko lake unaliona ukiwa umekaa. Iwe Soweto, Sinde, Mafiati au Uyole, sifa ninazozitazama ni zile zile: wanakaanga chipsi kila siku, wana jiko la mkaa la mishikaki, na wana frampeni ndogo ya chipsi mayai. Hiyo frampeni ndiyo muhimu kuliko vyote, nitaeleza mbele. Meza ziwe za kuunganishwa. Kama ni Juni au Julai, kaa karibu na jiko, maana baridi ya Mbeya haina adabu na chakula kwenye kisahani kidogo hupoa haraka kuliko unavyodhani.

Siku nayo ina maana yake. Katikati ya wiki mpishi ana nafasi ya kukusikiliza. Ijumaa jioni anakimbizana na oda, na siku ya Simba na Yanga usithubutu.

Hatua ya pili: zungumza na mpishi kabla

Hapa ndipo jioni yako inapona au inapoharibika. Nenda siku mbili kabla, saa ambazo hakuna wateja wengi, tuseme saa tisa alasiri. Usianze na neno "tapas". Anza na unachotaka afanye. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Chipsi au wali?"

"Leo sili mama, nimekuja na ombi. Jumatano jioni nina wageni watano, nami wa sita. Nataka utupikie vitu vidogo vidogo, tule wote pamoja. Viazi, mayai, mishikaki, uyoga."

"Sasa hivyo vidogo vidogo nitakuuziaje? Mimi nauza kwa sahani."

Swali lake ni la haki, na lazima uje na jibu. Kuna njia mbili. Ya kwanza, yeye ananunua kila kitu na kukutajia bei ya jumla. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, wewe unaleta mahitaji na yeye anakutoza mkaa, mafuta ya kukaangia na kazi yake. Ya pili inakupa uhuru wa kuchagua viazi na nyama, na yeye hana hofu ya kubaki na uyoga usiouzika. Usimkandamize kwenye bei ya kazi. Visahani sita vinavyotoka kwa zamu vinamsumbua kuliko sahani sita za wali nyama zinazopakuliwa mara moja, na mpishi aliyenuna anakaanga kwa moto mkali ili amalize.

Vinywaji mwachie auze yeye. Faida yake kubwa iko huko, na ukimhakikishia hilo mapatano ya chakula yanalainika.

Hatua ya tatu: changeni kwanza

Wahispania wakitoka kundi wana kawaida ya kuweka fedha pamoja mwanzoni, mmoja akashika na kulipia kila kitu mpaka ziishe. Sisi kuchanga tunakujua, tatizo letu ni ahadi. Kusanya kabla ya siku. Mkiwa sita na kila mtu akatoa shilingi 10,000, mna 60,000 za chakula na kazi ya mama, vinywaji kila mtu kwa mfuko wake. Bei za sokoni hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo mgao ni bora kuliko kukariri bei: kama theluthi moja iende kwenye nyama, theluthi moja kwenye vitu vingine vyote, na theluthi iliyobaki kwa mpishi na dharura.

Hatua ya nne: sokoni

Viazi chukua vya ukubwa wa wastani, visivyo na kijani kwenye ganda. Vinavyotoka Umalila au kule Njombe na Makete ni vizuri. Muulize muuzaji vipi ni vya chipsi na vipi ni vya kuchemsha, wanajua tofauti vizuri sana. Nyanya ziwe zimeiva kabisa, zile laini ambazo mwenye kusafirisha anazikwepa na ambazo kwa hiyo huwa za bei ya chini. Kwa walioko Iringa, nyanya za Ilula zipo barabarani kwa ndoo, sina la kuongeza.

Mafuta ya zeituni ndicho kitu pekee kitakachouma. Hispania inaongoza duniani kwa kuyazalisha, kwa hiyo kwao ni kama alizeti kwetu. Nunua chupa ndogo kabisa ya supamaketi na uitumie kwenye mkate na kumalizia uyoga tu. Kukaangia tumia alizeti bila kuona haya, hata baa nyingi za Hispania hukaangia alizeti. Ongeza unga wa paprika, ile pilipili nyekundu isiyowasha, binzari nyembamba, siki, malimao, na pakiti ya vijiti vya meno.

Kuhusu zeituni za chupa, jamoni (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi) na jibini za huko: ziache. Kopo moja la zeituni linaweza kumeza bajeti ya uyoga na samaki, na zinaliwa kwa dakika tatu.

Hatua ya tano: tortilla, ndugu wa chipsi mayai

Kama utapika kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu, kipike hiki. Tortilla ya viazi ipo karibu kila baa ya Hispania, na kwa macho ya mtu wa Mbeya ni zege, yaani chipsi mayai, iliyotulia. Vitu ni vile vile, viazi na mayai. Tofauti yote iko kwenye moto na subira, na hapo ndipo inabidi usimame karibu na mama, kwa heshima, maana mikono yake imezoea namna nyingine.

Kwa watu sita wanaodokoa na vitu vingine: viazi gramu 600 hivi, mayai sita, kitunguu kimoja kikubwa, chumvi, na mafuta ya kutosha kufunika viazi.

Menya viazi ukate vipande vyembamba bapa, unene wa sarafu mbili zilizobebana. Usikate kama chipsi. Kata kitunguu vyembamba. Weka mafuta kwenye moto mdogo, viazi na kitunguu viingie pamoja na chumvi kidogo. Hapa mkaanga chipsi yeyote atataka kuchochea mkaa, mzuie. Viazi vinatakiwa vilainike ndani ya mafuta taratibu, dakika 20 hivi, bila kubadilika kuwa vya kahawia na bila kukauka. Mafuta yawe yanatoa vipovu vidogo tu. Ukibonyeza kipande kwa mwiko kikavunjika, viko tayari. Toa, chuja mafuta vizuri kwenye chujio. Mafuta hayo yanarudi kutumika, hayajaungua.

Piga mayai kwenye bakuli, usiyapige mpaka yajae povu. Mimina viazi vikiwa bado vya moto ndani ya mayai, changanya, onja chumvi, kisha acha dakika kumi. Usiziruke dakika hizo. Viazi vinakunywa yai na yai linaanza kuwa zito, na ndiyo sababu tortilla ikikatwa inashikana ilhali chipsi mayai zinachambuka.

Sasa frampeni ndogo, sentimita 22 au 24. Kijiko kimoja cha mafuta, ipate moto vizuri, mimina mchanganyiko wote, halafu punguza moto. Zungusha mwiko pembeni ili kingo ziwe za duara. Baada ya dakika tatu au nne, chini kumeshika na juu bado kunacheza. Chukua sahani bapa kubwa kuliko frampeni, ifunike, weka kiganja juu ya sahani, geuza kwa mkupuo mmoja bila kusitasita, halafu isukume tortilla irudi kwenye frampeni upande mbichi ukiwa chini. Dakika tatu nyingine. Anayesitasita katikati ndiye anayemwaga, kwa hiyo kama mikono yako inatetemeka mwachie mama, anageuza mayai kila siku ya Mungu.

Wahispania wenyewe wanabishana bila mwisho kama kitunguu kiwemo au kisiwemo. Mji wa Betanzos, kule Galicia, unasifika kwa tortilla isiyo na kitunguu ambayo katikati ni uji uji wa yai. Mimi niko upande wa kitunguu, na yai napenda liive, hasa unapokula nje ya nyumbani.

Iache ipoe kidogo. Inaliwa ya vuguvugu au hata imepoa kabisa, jambo linalokupa unafuu mkubwa: inaweza kupikwa ya kwanza, saa nzima kabla ya wageni. Kata vipande vya mraba vya kuingia mdomoni kwa mara moja, kila kimoja kichomekwe kijiti. Chipsi tunazila kwa vijiti miaka yote, kwa hiyo hakuna wa kufundishwa. Huko kaskazini mwa Hispania, San Sebastián na Bilbao, vitafunwa vya kaunta huchomekwa vijiti namna hiyo, na kwenye baadhi ya baa mhudumu anapiga bili kwa kuhesabu vijiti vilivyobaki kwenye sahani yako.

Hatua ya sita: visahani vingine

*Viazi vya rojo kali.* Hivi ni patatas bravas, asili yake Madrid. Kata viazi vya mraba visivyo na mpangilio, kaanga mara mbili kama chipsi nzuri: kwanza moto wa wastani vilainike, kisha moto mkali viwe na ganda. Rojo: kaanga kitunguu na kitunguu saumu, ongeza vijiko viwili vya paprika nje ya moto maana huungua upesi na kuwa chungu, kisha nyanya za kusaga, pilipili, kijiko cha siki, chemsha mpaka iwe nzito. Madrid wenye msimamo mkali hawatii nyanya kabisa, wanatumia unga kidogo wa ngano, paprika na supu. Kwa nyanya tulizo nazo huku sioni sababu ya kuwafuata. Rojo limwagwe juu dakika ya mwisho, viazi visilowe.

*Mishikaki ya kitimoto.* Hispania wana mishikaki yao iliyorithi viungo vya Wamoro kutoka Afrika Kaskazini, ingawa leo wanaitengeneza zaidi kwa nguruwe. Kata nyama vipande vidogo kuliko vya kawaida yetu, ukubwa wa gololi kubwa, loweka tangu asubuhi kwenye binzari nyembamba, paprika, kitunguu saumu, chumvi, siki na mafuta. Kilo moja inatosha watu sita kwa mtindo huu. Choma mpaka iive hadi ndani, bila mjadala. Nyanda za juu kusini tegu wa nguruwe ni tatizo linalojulikana, kwa hiyo nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi na usimsikilize anayekwambia yenye damu damu ndiyo tamu.

Na kabla hujanunua, uliza nani kwenye kundi hali nguruwe. Akiwepo hata mmoja, usilete kitimoto mezani kwa ahadi kwamba "yeye atakula vingine". Visahani ni vya kuchangia, uma zinazunguka, mafuta ni yale yale, na jiko la mishikaki ni moja. Tumia ng'ombe au kuku, viungo ni vile vile. Ikiwa mgahawa wenyewe huchoma kitimoto kila siku, tafuta mwingine.

*Uyoga wa kitunguu saumu.* Chagua uyoga wa kulimwa, ule mamama. Wa porini wa masika ni mtamu zaidi, lakini nunua kwa mama anayeuza kila mwaka na kujulikana, usiokote mwenyewe. Uchane kwa mkono. Frampeni iwe ya moto kweli, uyoga uingie kidogo kidogo ili usitoe maji, ukishapata rangi weka punje nne za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba, pilipili moja kavu, chumvi, na mwisho kijiko cha mafuta ya zeituni na limao. Dakika sita na umemaliza. Uliwe unachemka.

*Usipa.* Kusini mwa Hispania, Málaga hasa, hula samaki wadogo wabichi waliopakwa unga na kukaangwa upesi. Ukibahatika kupata usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wakiwa wabichi kutoka Kyela au Matema, waoshe, futa maji, vuringa kwenye unga wa ngano wenye chumvi, kung'uta, kaanga dakika mbili kwenye mafuta mengi ya moto, limao juu. Wakavu nao wanafaa ukiwaloweka maji ya vuguvugu kwanza, ila ladha ni nyingine.

*Mkate wa nyanya.* Wakatalani, watu wa Catalonia kaskazini mashariki mwa Hispania, wanaula asubuhi, mchana na jioni. Mkate usio na sukari, hata wa jana, uchomwe juu ya mkaa pande zote. Usugue kitunguu saumu kibichi mara moja mbili, si zaidi. Nyanya zikwanguliwe kwenye kile cha kukwangulia karoti, ganda libaki mkononi, rojo lipakwe juu, chumvi, na hapa ndipo mafuta ya zeituni yanapoonekana kazi yake. Ukishindwa kupata mkate usio na sukari, fanya chapati? Hapana. Ruka tu.

Saladi: parachichi la Rungwe, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, siki. Basi.

Hatua ya saba: mpangilio wa kuleta

Mwambie mhudumu waziwazi: "Dada, usilete vyote pamoja. Kikiisha kimoja ndiyo kinakuja kingine." Asiposikia hilo ataleta vyote kwa wema wake, na nusu itapoa. Anzeni na tortilla na mkate, vinavyovumilia. Kisha usipa na uyoga, visivyovumilia. Halafu mishikaki na viazi vya rojo vije pamoja, kwa sababu wakati huo walevi wana njaa na wasiokunywa wamechoka kungoja. Mkate wa ziada mezani ni wa kufutia rojo, na kufuta sahani kwa mkate huko si aibu.

Hispania chakula cha usiku huanza saa tatu, hata saa nne. Msiige hilo. Anzeni saa kumi na mbili na nusu, mmalize kabla baridi haijawa ya kuudhi na bajaji hazijawa adimu.

Kinywaji cha bei nafuu kinachokwenda na haya yote ni divai nyekundu ya Dodoma iliyochanganywa nusu kwa nusu na soda ya limao. Wahispania huinywa hivyo kiangazi, ikiwa na barafu, barafu ambayo Mbeya ya Julai hamtaihitaji. Chupa moja inakuwa glasi za watu wengi. Bia chukueni moja kwa glasi mbili, mtindo wao ni glasi ndogo inayokwisha ikiwa bado baridi. Asiyekunywa pombe anywe chai ya Tukuyu yenye tangawizi, inakwenda vizuri ajabu na mishikaki.

Miji kama Granada ina desturi ambayo ningependa wenye migahawa yetu waiibe: ukiagiza kinywaji, kisahani kinakuja nacho bila malipo ya ziada, na ukiagiza cha pili kinakuja kisahani kingine tofauti. Gharama imo ndani ya kinywaji. Ukizoeana na mama, mpendekezee. Kijiko cha viazi vya rojo hakimtoi jasho, na mteja anayeonja chumvi na pilipili anaagiza tena.

Kama kundi lenu ni la wazururaji, ipo njia ya kihispania zaidi: kisahani kimoja kila mahali, mnasimama, mnahama. Mwanjelwa na Kabwe ni pua na mdomo, mnaweza kuanza na mishikaki upande mmoja, mkamalizia supu upande wa pili kwa miguu. Hapo hakuna mapatano wala mahitaji ya kununua, mnakula vya kwetu kwa mtindo wao, na fedha za mchango anashika mmoja asiyekunywa.

Mwisho wa jioni chuja mafuta ya viazi umwachie mama, ni sehemu ya shukrani. Kipande cha tortilla kikibaki, kifunge. Kesho yake kiweke katikati ya mkate, bila kukipasha moto, ubebe kazini. Wafanyakazi wa Hispania nao hula hivyo hivyo saa nne asubuhi.